Omu Moja na Nusu

Katika kituo cha afya kilicho juu ya milima ya Minembwe, Kivu Kusini, friji ya chanjo haingoji umeme wa shirika la SNEL. Inaishi kwa jua. Paneli zimelala juu ya paa, friji imesimama chumba cha nyuma, na usoni mwake kuna kidude kinachoonyesha joto kwa namba. Namba ikiwa kati ya 2 na 8, muuguzi anaiandika kwenye daftari na kurudi kwa wagonjwa. Ikitoka nje ya hapo, akina mama waliopanda na kushuka vilima tangu alfajiri, watoto mgongoni, watarudishwa bila sindano.

Ndani ya friji, karibu na vichupa, kuna kihisi. Nje kuna kioo cha namba. Kati yao umepita waya, na waya huo ni sehemu ya kipimo sawasawa na kihisi chenyewe. Wanaotengeneza vipimo wanalijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi. Wanaonunua wanauliza bei ya kihisi, wanauliza bei ya kioo, halafu wakiwa wameshafika mlangoni wanasema: "na kebo yake."

Tupige hesabu kidogo, maana uzuri wa kazi hii umejificha humo. Kuna kipimajoto cha platini kinachoitwa Pt100, kinachopendwa maabara na viwandani. Kwenye digrii sifuri ukinzani wake ni omu 100, na kila digrii moja inaongeza omu 0.385. Sasa panya ametafuna kebo, na mtu mwenye nia njema ameiunga kwa waya mwembamba wa shaba wa milimita mraba 0.22, mita kumi. Umeme unakwenda mita kumi na kurudi mita kumi. Shaba hiyo peke yake ina ukinzani wa omu moja na nusu, na kifaa hakina namna ya kutofautisha omu za platini na omu za shaba. Kinajumlisha tu. Omu moja na nusu kwake ni digrii nne.

Na ni digrii nne za kuelekea upande mbaya. Friji ikishuka hadi hasi 1, kioo kitasema 3. Muuguzi ataandika 3 kwa amani, wakati chanjo ya homa ya ini aina B inaweza kuganda pale pale mbele yake, na chanjo hiyo ikishaganda haina kazi tena. Vifaa vya kurekodi joto la friji za chanjo hupiga kengele joto likizidi digrii 8 kwa saa kumi mfululizo, au likifika hasi 0.5 kwa dakika 60. Kengele hiyo nayo inasikiliza waya. Waya uliokatika kabisa ni afadhali, kwa kuwa kioo kinaacha kuonyesha namba ya maana na kila mtu anajua kuna tatizo. Waya unaopita lakini unadanganya ndio wa kuogopwa.

Kwa nini basi usitoe hizo digrii nne kichwani na kuendelea? Kwa sababu shaba yenyewe inahisi joto. Usiku wa Minembwe ni wa kuvaa koti, mchana jua linapiga ukuta, na ukinzani wa waya unapanda na kushuka pamoja nao. Kosa lako la digrii nne linakuwa la nne na robo, halafu pungufu ya nne. Dawa yake ni kupitisha nyaya nne badala ya mbili: mbili zibebe umeme, mbili zisome tu bila kubeba kitu. Nyaya zinazosoma hazipitishi mkondo wa maana, kwa hiyo urefu wao hauongezi chochote. Wazo hilo ni la karne ya 19, na sijaona jambo lingine katika ufundi wa umeme lenye adabu kiasi hicho: kinachobeba mzigo kisiulizwe habari, na kinachotoa habari kisibebeshwe mzigo.

Ni haki niseme kwamba friji nyingi hutumia themista, ambayo ukinzani wake ni wa maelfu ya omu, na humo omu moja na nusu inamezwa bila kuonekana. Lakini nenda kwenye mizani ya kielektroniki, ile ya kupimia watoto kliniki au samaki pale mjini Baraka. Chini ya sahani yake kuna daraja la ukinzani, mara nyingi la omu 350, ambalo likilishwa volti 5 linatoa milivolti 10 tu mizani ikiwa imejaa. Kama ni mizani ya kilo 100, kilo moja ya mtoto ni sehemu ya kumi ya milivolti. Kutu kidogo kwenye kiungo inakula hiyo. Mtoto anaonekana amekonda kumbe hajakonda, au amenenepa kumbe hajanenepa.

Chini kando ya ziwa, Baraka, kuna fundi ambaye napenda kukaa kwenye benchi lake nimwangalie. Anatengeneza redio, simu, vidhibiti vya sola, na vitu vya hospitali pale vinapomfikia. Siku moja mama mmoja muuguzi alishuka kutoka milimani na kebo ya kihisi iliyotafunwa. Nilitegemea fundi achukue kisu. Aliuliza maswali.

"Mama muganga, huu waya unapita wapi?"

"Nyuma ya friji, papa, halafu chini ya mlango."

"Mlango mnaufunga juu yake?"

"Tunaufunga."

"Kila siku?"

"Kila siku, papa. Tungefanyaje?"

Akaandika kitu kwenye kipande cha katoni. Kisha akachukua mita yake, akagusisha ncha mbili za nyaya za mita zenyewe kwanza, akasoma, akaandika. Mita ilionyesha omu 0.3 kabla ya kupima kitu chochote. Hizo ni omu za nyaya zake mwenyewe, na atazitoa katika kila kipimo atakachofanya. Ni tendo la sekunde chache. Nimeona wahandisi wenye shahada wakiliruka.

Jirani yake alimletea bunda la waya mpya, wa bei nzuri, unaong'aa. Fundi alikata kipande, akakwangua ubavu wake kwa wembe, akakigeuza kwenye mwanga. Juu ilikuwa shaba, chini yake nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo umejaa katika masoko yetu. Unapitisha umeme chini ya theluthi mbili ya shaba halisi ya unene ule ule, ukikunjwa mara chache unavunjika, na ukilehemiwa haushiki vizuri. Kwa kuwasha taa ya chumba utavumilika kwa muda. Kwa kupimia haufai hata kidogo. Akaurudisha bila maneno, jirani naye akauchukua bila kukasirika, kama watu waliokwisha kuzoeana.

Wembe ule una ukoo mrefu. Mwaka 1857, Waingereza na Wamarekani walipokuwa wanaandaa kebo ya kwanza ya simu ya maandishi chini ya Bahari ya Atlantiki, William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipima shaba iliyokuwa ikiuzwa na kukuta vipande vyenye sura moja na unene mmoja vinatofautiana sana katika kupitisha umeme. Uchafu mdogo uliobaki ndani ya shaba ndio ulioleta tofauti. Kebo ya mwaka 1858 ilifanya kazi wiki chache tu, ikafa baada ya kushindiliwa volti nyingi mno. Iliyodumu ilikuja mwaka 1866, na safari hii shaba ilipimwa kiwandani kabla ya kupokewa. Kuanzia hapo kuchagua mtengeneza kebo kukawa jambo la kupima. Kebo iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ililazwa katika ulimwengu uliokwisha jifunza somo hilo, na jengo la simu lililokuja kusimama Shangani bado lipo, siku hizi ni hoteli.

Nikiwa kwenye benchi la Baraka huwa nafikiria njia za madini haya, shaba na bati, na sitalificha hilo. Congo inachimba zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, nyingi yake Kolwezi na Fungurume, na vipande vinavyotoka huko ni safi kuliko alivyoweza kuota Thomson. Kasiteriti ya Kivu ndiyo inayoyeyushwa ng'ambo kuwa bati, na karibu nusu ya bati yote duniani inaishia kwenye kulehemu vifaa vya umeme. Vyote viwili vinaondoka kwa malori na meli. Vinarudi Baraka kwa mtumbwi wa injini, katika umbo la bunda la waya ambalo inabidi ulikwangue kwa wembe ili ujue kama ni shaba.

Turudi kwenye mikono. Fundi alimenya ganda la waya kwa koleo lenye matundu ya ukubwa mbalimbali, akachagua tundu lililokaa sawa. Ndani ya ganda mna nyuzi saba nyembamba. Tundu likiwa kubwa ganda linachanika, likiwa dogo linagusa nyuzi. Uzi mmoja ukiguswa hutaona kitu usipoangalia kwa karibu, mita haitaona kitu, na kebo itapita ukaguzi wote wa mezani. Kisha itafungwa nyuma ya pikipiki kupanda Minembwe, itatikiswa katika matope na mawe siku nzima, na pale penye mkwaruzo uzi utakatika. Umeme utabaki kwenye nyuzi sita, kisha tano. Kwa hiyo baada ya kumenya alisogeza nyuzi karibu na jicho na kuzigeuza taratibu. Alipoona mmoja una alama, alikata yote na kuanza upya, sentimita mbili nyuma.

Kichwa cha waya alikibana, hakukilehemu. Watu wengi hudhani kulehemu ndiko kunakoaminika zaidi. Lakini bati likiyeyuka linapanda juu kati ya nyuzi, na pale linapoishia panazaliwa mpaka: upande mmoja waya mgumu, upande mwingine waya laini, na mtikisiko wote unakwenda kutua mpakani hapo. Wengine hulehemu kwa asidi ili bati lishike haraka, na miezi baadaye kijani kinaota chini ya ganda. Kubana kukifanywa vizuri ni jambo la ajabu. Shaba inasukumwa kwa nguvu mpaka zile nyuzi za mviringo zinapoteza umbo, zinakaa ubavu kwa ubavu pasipo nafasi ya hewa, na mahali ambapo hewa haiingii kutu nayo haiingii. Ukikikata kichwa kilichobanwa vyema, ukakipiga msasa na kukitazama kwa darubini, unaona sega la nyuki. Ukikibana kidogo, katikati ya nyuzi panabaki matundu meusi. Ukikibana mno, shaba imeminywa mpaka imepungua, na kichwa kina ufa.

Kulehemu nako kuna mahali pake, na alipofika kwenye kihisi chenyewe aliwasha pasi ya kulehemia. Bati lake lilikuwa mchanganyiko wa zamani wenye risasi, unaoyeyuka kwenye digrii 183. Ule usio na risasi, ambao viwanda vingi sasa vinalazimika kuutumia, unataka 217. Alitanguliza joto kwenye shaba, siyo kwenye bati. Akangoja. Bati likajiendea lenyewe.

Mrija wa plastiki unaonywea kwa moto aliutia mapema, kabla ya kuunga, na hapo ndipo wanaoanza kazi hujikuta wameusahau na kulazimika kukata tena. Akapitisha kebo yote katika bomba la plastiki gumu, kwa ajili ya ule mlango.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa nchi nyingine angelipita haraka, na hapa hatuwezi. Utafiti wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, hapa hapa Kivu Kusini, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Milima ya Minembwe iko chini ya mbingu hiyo hiyo. Si lazima radi ipige paa. Ikipiga kilima cha jirani, kila kebo ndefu inakuwa antena. Kinga ya kwanza ni ya bei rahisi, nayo ni kusokota nyaya mbili pamoja. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1881. Kila msokoto unageuza upande, kinachoingia kwenye msokoto mmoja kinafutwa na unaofuata. Juu yake unavikwa wavu wa shaba, unaounganishwa na ardhi upande mmoja tu. Ukiuunganisha pande zote mbili umetengeneza njia mpya ya umeme ambayo hukuitaka. Fundi husokota kwa kutumia keekee ya mkono, ncha nyingine ameifunga kwenye msumari, akihesabu kwa sauti ya chini.

Mpaka hapa ni kebo moja. Shirika linalotaka kebo mia tano za aina moja haliwezi kulala benchini kwa fundi. Litatafuta kiwanda, na hapo watu hupotea. Kiwanda cha East African Cables cha Nairobi ni kikongwe na kina jina lake, lakini kazi yake kuu ni kuvuta nyaya za umeme wa nyumba na gridi. Kukusanya nyaya, kuzikata kwa urefu, kuzitia vichwa na kuzifunga kuwa fungu moja la kifaa fulani ni biashara nyingine kabisa. Barani Afrika kazi hiyo imekita mizizi Morocco na Tunisia, kwa ajili ya magari ya Ulaya. Wafanyabiashara wetu wengi wataagiza Guangzhou, njia wanayoijua.

Popote utakapokwenda, ndani ya kiwanda utakuta kitu ambacho hakijabadilika sana: ubao mkubwa uliobandikwa mchoro wenye urefu halisi wa kebo, umepigwa vigingi, na mtu aliyesimama mbele yake analaza waya mmoja mmoja. Mashine zinakata, zinamenya, zinabana. Kulaza bado ni mikono, mara nyingi ya wanawake, kwa sababu waya haukai ulipoambiwa; unajipinda, unakumbuka bunda ulikotoka. Ningependa mnunuzi asimame hapo nusu saa kabla hajaingia ofisini kunywa soda. Amtazame yule dada akifika kwenye kona: je, anaukunja waya kwa nguvu, au anauachia upinde mpana? Akiona waya una kasoro, anao uhuru wa kuutoa, au anaangalia kwanza kama msimamizi yupo? Na aombe kuonyeshwa pipa la vilivyokataliwa. Kiwanda chenye pipa tupu hakikatai kitu.

Vyeti vipo na vina maana yake. Kwa kazi hii upo mwongozo unaoitwa IPC/WHMA-A-620, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2002, wenye madaraja matatu, la tatu likiwa la vifaa visivyoruhusiwa kuzimika. Ndani yake kuna picha za kiungo kinachokubalika na kisichokubalika, na kuna jaribio la kuvuta: waya wa geji 22 ukiwa umebanwa, uvutwe kwa nyutoni 36 hivi, yaani uning'inize kilo tatu na nusu na ushee, usichomoke. Uliza mara ya mwisho walivuta lini, na walivuta nini: kipande cha kwanza cha asubuhi, au kile walichokuandalia wewe mgeni. Uliza kama wakibadilisha anayewauzia waya watakuambia. Mimi hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko vyeti vyote, kwa kuwa sampuli huja na shaba, na shehena ya tatu huja na alumini.

Kebo zikifika, zijaribiwe hapa hapa. Wengine huchemsha maji na kutegemea kusoma 100. Kwa Minembwe hiyo ni njia ya kukosana na kifaa kizima: kwa urefu ule wa milima maji yanachemka kwenye digrii 92 hivi, na fundi asiyejua atakisogeza kipimo kilichokuwa sahihi. Barafu haijali mlima. Iponde, ijaze kwenye chupa ya chai, ongeza maji safi kidogo mpaka yajaze nafasi, koroga, tia kihisi katikati kisiguse ukuta, subiri. Sifuri ya Baraka ni sifuri ya Minembwe. Halafu, kihisi kikiwa bado humo, shika kebo uitikise, ikunje, vuta kidogo karibu na plagi, ukiangalia kioo. Namba ikiruka, umeshajua.

Niliwahi kumpelekea fundi karatasi mbili za bei za kebo ya aina moja. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: kebo ya kihisi, mita tatu, na bei. Ya pili ilieleza unene wa shaba na idadi ya nyuzi, ganda la silikoni, wavu kuunganishwa upande mmoja, namba ya kichwa cha kubana na ya koleo lake, kimo cha kichwa baada ya kubanwa hadi sehemu ya mia ya milimita, na ukinzani wa kila kebo kuandikwa kwenye lebo yake. Bei yake ilikaribia mara mbili ya ile nyingine. Alizisoma zote mbili, akarudia ya pili, akaniambia niwaandikie niwaulize koleo hilo lilihakikiwa lini.